KK, BK, Miladia na Hijria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kutaja Miaka

Maswali haya yanatoka kwa walimu wa Kiswahili na wa historia, wanafunzi, wafasiri, na waandishi wa matangazo ya misikiti na makanisa, hapa Mbale na miji mingine ya Uganda. Yamezidi tangu mwaka 2022, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Wanaoandika historia kwa lugha hii wameongezeka, na kila mmoja anakuja na kifupisho alichokulia nacho. Ukiona jibu linakupeleka kwenye swali lingine, nenda huko, hatukutaka kurudia.

## Mambo ya msingi

KK na BK maana yake nini?

KK ni "kabla ya Kristo" na BK ni "baada ya Kristo". Ndivyo vifupisho vilivyozoeleka katika vitabu vya Kiswahili mahali ambapo Waingereza huweka BC na AD. Vyote viwili hukaa baada ya namba: mwaka 30 KK, mwaka 622 BK. Wengine hutia nukta, K.K. na B.K., na hilo halibadilishi kitu.

Kumbuka kwamba miaka ya KK huhesabiwa kwa kurudi nyuma. Mwaka 300 KK ulitangulia mwaka 200 KK, na aliyezaliwa 63 KK ni mkubwa kwa aliyezaliwa 40 KK.

Kwa hiyo BK inaanzia pale Yesu alipokufa?

Hapana, na hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Hesabu inaanzia kwenye kuzaliwa kwake. Wengi wetu tuliambiwa shuleni kwamba herufi A na D zinasimama badala ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya "baada ya kifo". Si Kiingereza, ni Kilatini: Anno Domini, yaani "katika mwaka wa Bwana".

Mwanafunzi mmoja wa sekondari alichora mstari wa wakati, akaandika KK kushoto na BK kulia, kisha katikati akaacha nafasi ya miaka 33 na kuijaza neno "Yesu". Mwalimu alimpa sifuri. Mimi ningempa angalau nusu, kwa sababu kwa maelezo aliyopewa, ile miaka 33 ingekaa wapi?

Nani alianzisha hesabu hii?

Mtawa aliyeishi Roma, Dionysius Exiguus, mwaka 525. Hakuwa anaandika historia. Alikuwa anapanga jedwali la tarehe za Pasaka. Majedwali aliyoyakuta yalihesabu miaka tangu Diocletian aliposhika utawala wa Roma, mwaka 284, na Diocletian ndiye kaisari aliyewatesa Wakristo vibaya. Dionysius hakutaka kuendelea kulitukuza jina lake, akaamua kuhesabu tangu kuzaliwa kwa Kristo. Baadaye Bede, mtawa wa Uingereza, aliitumia hesabu hiyo katika historia aliyoimaliza mwaka 731, ikaenea Ulaya. Kuhesabu kwa kurudi nyuma kabla ya Kristo kulichelewa sana kuzoeleka. Kulishika kasi katika karne ya 17, kupitia kazi za Mjesuiti wa Ufaransa, Denis Pétau.

Kinachonivutia zaidi ni walichofanya Wakristo wa Kikopti huko Misri. Wao hawakuiacha hesabu ya Diocletian. Walibakiza namba zilezile na mwanzo uleule wa mwaka 284, wakabadilisha jina tu: wakaiita miaka ya Mashahidi, kwa heshima ya wale waliouawa na Diocletian. Waganda wanaokwenda Namugongo, walikouawa Mashahidi wa Uganda, kila tarehe 3 Juni hawahitaji kuelezwa kwa nini. Basi anayesema kubadilisha jina la enzi bila kugusa namba ni uzushi wa wasomi wa siku hizi, amechelewa karne nyingi.

CE na BCE je?

Ni mtindo huohuo wa Wakopti: namba hazibadiliki, jina linabadilika. CE inamaanisha "enzi ya kawaida", yaani ile inayotumiwa na watu wote, na BCE ni "kabla ya enzi ya kawaida". Mwaka 44 BCE ni 44 KK kamili, bila kuongeza wala kupunguza.

Watu hudhani vifupisho hivi vilibuniwa majuzi na wasioamini Mungu. Johannes Kepler, mnajimu (mwanasayansi wa nyota) wa Ujerumani aliyekuwa Mkristo mcha Mungu, aliandika kwa Kilatini juu ya "enzi ya kawaida" mwaka 1615. Waandishi wa Kiingereza walifuata karne hiyohiyo. Wayahudi waliipenda katika karne ya 19 kwa sababu iliyo wazi: walihitaji kutumia kalenda ya majirani zao bila kumwita Yesu Bwana.

Kwa Kiswahili tuziite nini?

Hapa hatujakubaliana. Wapo wanaoandika "kabla ya wakati wetu", wapo wanaonakili BCE na CE kama zilivyo, na wapo wanaoandika KWK na WK, kwa "wakati wa kawaida". Hizo mbili za mwisho utazikuta zaidi katika machapisho ya Mashahidi wa Yehova. Ndiyo: kifupisho kinachodaiwa kuwa cha kidunia kinabishiwa hodi mlangoni kwako Jumamosi asubuhi na wahubiri.

Ushauri wangu: ukiandika kwa wasomaji wa kawaida, KK na BK zinaeleweka bila maelezo. Ukichagua KWK na WK, zifafanue mara ya kwanza tu, kisha endelea nazo hadi mwisho.

## Dini, sheria na hisia za watu

Je, kuandika BK ni kukiri Ukristo?

Fikiria siku za wiki. Mkristo wa Kiswahili husema Ijumaa, jina la siku ya swala ya jamaa ya Waislamu, na siku anayokumbuka kusulubiwa kwa Yesu anaiita Ijumaa Kuu. Hakuna padre aliyewahi kumwambia kwamba amesilimu. Jina la wakati huchakaa kwa kutumiwa, likabaki kuwa alama.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema hisia za watu hazina maana. AD na BK hazina uzito mmoja. Kusema "mwaka wa Bwana" ni kutamka jambo la imani. Kusema "baada ya Kristo" ni kutaja mtu wa kihistoria, ingawa neno Kristo lenyewe ni cheo. Asiyetaka kutamka hata hilo ana haki yake, na njia zipo (soma swali linalofuata).

Muislamu aandike nini?

Waislamu wanaozungumza Kiswahili wana neno lao la siku nyingi: Miladia. Mwaka wa Miladia ni huu tunaoutumia serikalini na benki. Mwaka wa Hijria ni wa Kiislamu, unaohesabiwa tangu Hijra, yaani Mtume Muhammad alipohamia Madina mwaka 622 BK. Vifupisho vyake ni M na H: 1844 M, 1260 H.

Wengi hulichukulia Miladia kuwa neno lisiloegemea dini ya Kikristo. Lakini milad ni kuzaliwa, na aliyezaliwa ni Nabii Isa, amani iwe juu yake. Kwa hiyo Muislamu na Mkristo wanahesabu kutoka tukio lilelile. Wanatofautiana katika namna ya kumtaja mwenye siku. Shehe anayeona BK inamkwaza anaweza kuandika M, na msomaji Mkristo hatapoteza chochote.

Angalia kalenda za ukutani zinazotundikwa katika maduka ya Waislamu hapa mjini. Tarehe kubwa nyeusi ni ya Miladia, kwa ajili ya kodi ya nyumba na ada za shule. Pembeni yake, kwa tarakimu ndogo za Kiarabu, mara nyingi za kijani, kuna tarehe ya Hijria. Mwezi wa Ramadhani unapokaribia, ile ndogo ndiyo inayotazamwa.

Hapa Uganda, ni kalenda ipi ilitangulia kufika?

Ya Hijria, ukizungumzia ikulu ya Buganda. Mfanyabiashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alifika kwa Kabaka Suuna II mwaka 1844, na katika miaka ya 1860 Kabaka Mutesa I alikuwa akifunga Ramadhani na kuwataka watu wake wafunge. Wamisionari wa Kianglikana walifika mwaka 1877, na wa Kikatoliki mwaka 1879. Kabla ya hao wote, na kwa muda mrefu baada yao, wazee walitaja wakati kwa utawala wa Kabaka fulani au Omukama fulani, kwa njaa, kwa nzige, kwa vita. Hesabu ya namba moja ndefu isiyokatika ni mgeni kwetu, iwe imekuja na Kurani au na Biblia.

Sheria ya Uganda inalazimisha kifupisho chochote?

Katiba, ibara ya 7, inasema Uganda haitakuwa na dini ya taifa. Haisemi lolote juu ya KK na BK. Dibaji yake inafundisha zaidi: inajitaja kuwa imepitishwa tarehe 22 Septemba, mwaka 1995, basi. Hakuna AD, hakuna CE, hakuna "mwaka wa Bwana wetu". Linganisha na Katiba ya Marekani ya mwaka 1787, ambayo tarehe yake imeandikwa "katika mwaka wa Bwana wetu", ilhali nchi ile inasifika kwa kutenganisha dini na serikali. Na chini ya dibaji yetu isiyo na kifupisho kuna maneno ya wito wa taifa: Kwa Mungu na Nchi Yangu. Kwa hiyo kukosekana kwa kifupisho si alama ya kumkana Mungu.

Wanaotaka CE wanajaribu kumfuta Yesu?

Wapo wachache wenye nia hiyo, bila shaka, lakini kama hiyo ndiyo njama basi ni dhaifu mno, maana namba yenyewe bado inahesabiwa kutoka Bethlehemu. Kwa upande wa pili, wanaodai kuwa CE haina dini yoyote ndani yake wanajidanganya kwa sababu hiyohiyo.

## Hesabu nyingine zinazotumika

Nibadilishe vipi mwaka wa Hijria kuwa Miladia?

Usijumlishe 622 moja kwa moja. Ukifanya hivyo, 1447 H inakuwa 2069, na bado hatujafika huko. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi mwandamo, una siku 354 au 355, kwa hiyo unaukimbia mwaka wa jua kwa siku kama 11.

Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Kwa 1447: unapata 1403.6, na ukiongeza 622 ni 2025.6. Kweli 1447 H ulianza mwishoni mwa Juni 2025. Kwa 1260: 1222.2 na 622 ni 1844, mwaka ule wa Ahmed bin Ibrahim. Njia hii inaweza kukosea kwa mwaka mmoja, na haikupi siku wala mwezi. Kwa tarehe kamili ya ndoa, eda au zaka, muulize shehe wako.

Kwa kuwa mwaka mmoja wa Miladia huangukia katika miaka miwili ya Hijria, andika yote miwili kwa mkwaju: 2025 M (1446/1447 H). Matukio ya kabla ya Hijra huandikwa KH, kabla ya Hijra.

Wayahudi wa Mbale wanahesabu vipi?

Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, hufuata kalenda ya Kiyahudi katika ibada. Ongeza 3760 kwenye mwaka wa kawaida. Ukishapita mwaka mpya wa Kiyahudi, Septemba au Oktoba, ongeza 3761. Mwezi Desemba 2025 kwao ni 5786. Nje ya sinagogi wanatumia tarehe ileile ya kila mtu.

Na Wabahai?

Hesabu yao inaanza tarehe 21 Machi 1844. Hekalu lao la Kikaya, Kampala, lilizinduliwa mwaka 1961. Ndiyo, 1844 tena, imesadifu tu.

Mbona Ethiopia ni Wakristo lakini wako nyuma yetu?

Kwa sababu nao wanahesabu tangu Kristo, ila kwa hesabu ya zamani ya Aleksandria iliyoweka tukio hilo miaka kadhaa baadaye kuliko alivyoliweka Dionysius. Tofauti ni miaka 7 au 8, kutegemea kama mwaka wao mpya wa Septemba umeshapita. Walisherehekea kuingia mwaka 2000 tarehe 12 Septemba 2007. Ukinukuu hati ya Ethiopia, BK peke yake inaweza kupotosha. Taja kwamba ni kalenda ya Ethiopia.

## Uandishi

Nitumie kifupisho kila mara?

Hapana. Usiandike "Uganda ilipata uhuru mwaka 1962 BK". Hakuna atakayedhani ni 1962 KK. Tumia BK pale tu ambapo kuna hatari ya kuchanganya, hasa kwa karne za mwanzo au pale sentensi moja inapovuka mpaka: kutoka 27 KK hadi 14 BK. Kwa KK huna hiari, lazima uiandike.

Katika mtihani nitumie ipi?

Ile iliyo kwenye swali. Swali likiandika KK, jibu kwa KK. Kuanza na BCE, ukapitia KK, ukaishia na "kabla ya Yesu" katika insha moja kunamchosha msahihishaji, na kunaonyesha umekariri kutoka vitabu vitatu.

Nafasiri andiko lenye BCE. Naruhusiwa kuweka KK?

Inategemea mwandishi. Kama ni kitabu cha kiada kilichoandika BCE kwa mazoea tu, KK inatosha. Kama mwandishi ni Myahudi, au anaeleza kwa makusudi kwa nini hatumii jina la Kristo, ukimwekea KK umemlisha maneno. Na ndani ya nukuu usiguse, hata kama maandishi yako mengine yanatumia mtindo tofauti.

## Hesabu na mitego yake

Kati ya KK na BK kuna mwaka sifuri?

Hakuna. Baada ya 1 KK unaingia 1 BK. Kaisari Augusto alizaliwa Septemba mwaka 63 KK akafa Agosti mwaka 14 BK. Ukijumlisha 63 na 14 unapata 77. Toa 1 kwa sababu ya sifuri isiyokuwepo, unapata 76. Na kwa kuwa alikufa kabla ya siku yake ya kuzaliwa kufika, alikuwa na miaka 75 kamili.

Wanajimu wao wana sifuri, ili hesabu zao zisikatike: mwaka wao 0 ni 1 KK, na -1 ni 2 KK. Ukikuta alama ya kutoa kwenye jedwali la kupatwa kwa jua, ongeza moja kabla ya kuandika KK. Karne nazo hufuata kanuni hiyohiyo: karne ya 5 KK ni 500 hadi 401 KK, na karne ya 19 ni 1801 hadi 1900.

Nimesikia Yesu alizaliwa KK. Itawezekanaje?

Dionysius alikosea kidogo. Injili ya Mathayo inasema Yesu alizaliwa siku za mfalme Herode, na wanahistoria wengi wanaweka kifo cha Herode mwaka 4 KK. Hivyo kuzaliwa kwa Yesu kunakadiriwa kati ya 6 na 4 KK. Hakuna anayependekeza kusogeza kalenda. Rekodi za dunia nzima zingevurugika kwa faida ya kurekebisha jedwali la mtu mmoja.

Ile tarehe ya kupatwa kwa jua Biharwe, 17 Aprili 1520, ni ya kalenda ipi?

Swali zuri, na wachache huliuliza. Masimulizi ya magharibi mwa Uganda yanasema jeshi la Bunyoro lilikuwa likirudi na ng'ombe lililowateka, jua likazimika mchana, askari wakatimua mbio na kuacha mifugo karibu na Biharwe, si mbali na Mbarara. Wenyeji walikumbuka tukio kwa wafalme waliokuwa wakitawala, si kwa namba. Namba ilipatikana baadaye, wanahistoria walipolinganisha masimulizi na hesabu za wanajimu za kupatwa kwa jua.

Mwaka 1520 kalenda ya Gregori, hii tunayoitumia leo, ilikuwa bado. Ililetwa mwaka 1582, ambapo tarehe 4 Oktoba ilifuatiwa na tarehe 15. Kwa hiyo 17 Aprili ni tarehe ya kalenda ya Julius, iliyotumika kabla yake; kwa mtindo wa leo ingekuwa 27 Aprili. Wanahistoria huacha tarehe za kabla ya 1582 katika kalenda ya Julius, nawe fanya hivyo.

Vitu vya kale sana, kama mabaki ya Napak, niandike KK?

La. Mabaki ya sokwe wa kale wa Napak, Karamoja, yana umri wa takriban miaka milioni 20. Ukiandika "milioni 20 KK" unajifanya una uhakika wa miaka 2,000 ndani ya milioni. Andika "miaka milioni 20 iliyopita". Kwa Ntusi, makazi ya kale yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia hapa Uganda, ambako tunakadiria kwa karne, sema "takriban karne ya 11" bila kifupisho.

Ripoti za wanaakiolojia zina mtego mmoja zaidi. Vipimo vya kaboni huandikwa "miaka kabla ya sasa", na "sasa" yao ni mwaka 1950, si leo, kwa kuwa majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofuata yalivuruga kaboni ya angani. Kipimo kikiwa kimeshasawazishwa kuwa miaka ya kalenda, miaka 900 kabla ya sasa ni karibu na 1050 BK. Kama hakijasawazishwa, usitoe kitu kutoka 1950. Tafuta ukurasa wa ripoti unaotoa miaka iliyosawazishwa.

Natengeneza mstari wa wakati kwenye kompyuta, Excel inakataa tarehe zangu.

Excel haitambui tarehe ya kabla ya mwaka 1900, kwa hiyo hata kufika kwa wamisionari mwaka 1877 kutakushinda ukiandika kama tarehe. Weka mwaka peke yake kama namba ya kawaida katika safu moja, na KK ziwe na alama ya kutoa ili zijipange zenyewe. Safu ya pili iwe ya maandishi yatakayochapishwa: "63 KK", "1260 H", "1520". Ukihesabu umri kwa safu ya kwanza kwa kuvuka mpaka wa KK, rudi kwenye swali la mwaka sifuri kwanza.